Kujiandaa na Law School Ukiwa Bado Sumbawanga

Wenzangu wa sheria, kila likizo ndefu inapokaribia swali ni lile lile, iwe hosteli au kwenye foleni ya chakula: "Hivi ile Law School mtu anaitokaje salama?" Majibu nayo ni yale yale. Mmoja atakwambia tafuta madesa ya waliotangulia. Mwingine atasema ni bahati tu. Wa tatu atakutisha mpaka uanze kufikiria kufungua duka la vifaa vya shule.

Mimi niko mwaka wa nne LLB. Nyumbani ni Ufipa, kijijini upande wa Laela, na likizo zangu nazimalizia Sumbawanga mjini kwa shangazi. Sijafika Dar kuanza mafunzo ya uwakili, kwa hiyo sitajifanya mzee wa mambo. Ila kwa likizo mbili nimejiandaa kwa mpango, nimekaa na waliopita na waliorudishwa, na nimeona kinachofanya kazi na kisichofanya. Hizi ndizo nondo zangu. Zimeandikwa kwa ajili ya aliye mbali na Dar, mwenye bando la kuhesabu na nauli ya kuhesabu.

Milango ni miwili

Tuanze na mpangilio, maana wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanauchanganya. Mlango wa kwanza ni wa chuo kikuu. Hapo unaingia kwa matokeo ya kidato cha sita au stashahada, na tangu mwaka wa masomo 2017/18 kila mtu anaomba moja kwa moja chuoni, si kupitia mfumo mmoja wa TCU kama zamani. TCU inabaki na vigezo vya chini na ratiba ya awamu za maombi.

Mlango wa pili ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile tunayoiita Law School, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Pale unasomea stashahada ya uzamili ya uanasheria kwa vitendo: sehemu darasani, sehemu mahakamani na kwenye ofisi za mawakili. Ukifaulu ndipo unapoomba kwa Jaji Mkuu kukubaliwa kuwa wakili. LLB peke yake inakupa heshima nyumbani, lakini haikupi ruhusa ya kusimama Mahakama Kuu na kusema "Mheshimiwa Jaji, namwakilisha mrufani."

Majirani zetu wameweka mtihani mlangoni kwa namna mbalimbali. Makerere kwa miaka mingi imekuwa ikiwapa mtihani wa kuingia wanaotaka LLB. Uingereza baadhi ya vyuo vinatumia LNAT: maswali 42 ya kuchagua yanayotokana na vifungu 12 vya habari, kwa dakika 95, kisha insha ya dakika 40. Marekani wana LSAT, inayopima ufahamu na kupima hoja. Angalia jambo moja: LNAT na LSAT haziulizi sheria hata kidogo. Zinauliza kama unaweza kusoma aya ngumu na kuona hoja imevunjika wapi.

Kwetu mlango wa Law School umekuwa ukifunguka kwa digrii, na mchujo unakukuta ndani. Hapo ndipo penye hatari. Mtu anayeshindwa mtihani wa kuingia hupoteza ada ya mtihani. Anayeshindwa akiwa ndani hupoteza ada, kodi ya chumba Dar, na mwaka mzima.

Namba za 2022

Mnakumbuka Oktoba 2022. Matokeo ya kundi moja yalienea kila simu nchini: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliosapu walikuwa 342. Waliodisko 265. Kwa hesabu ya haraka, katika kila watu 100 wanne tu walitoka bila deni, na 42 walirudi nyumbani. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza, na wazo la mtihani wa kuingia likawa gumzo kuanzia bungeni mpaka kwenye magrupu yetu.

Watu walibishana sana ni nani alaumiwe, vyuo au Law School. Mjadala huo ni muhimu, lakini haumsaidii anayeanza muhula Januari. Mimi nilichokitoa pale ni kimoja: jifanyie mwenyewe mtihani wa kuingia. Usisubiri Bunge likuwekee geti. Jipime ukiwa nyumbani, ambako kufeli hakuna gharama. Mazoezi yafuatayo ndiyo mtihani wangu.

Zoezi la kwanza: kupima hoja

Soma aya hii ya kutunga. "Mwaka jana serikali ya kijiji iliweka geti la ushuru barabarani. Mwaka huo huo bei ya maharage sokoni ilipanda. Kwa hiyo geti ndilo lililopandisha bei." Kauli ipi inaidhoofisha zaidi hoja hii?

A. Wakulima wengi hawalipendi geti.
B. Katika vijiji jirani visivyo na geti, bei ilipanda kwa kiasi hicho hicho.
C. Ushuru unakusanywa na vijana wa kijiji.
D. Maharage ni zao muhimu Ufipa.

Jibu ni B. A ni hisia, C ni maelezo ya pembeni, D ni kweli lakini haigusi kitu. B peke yake inagusa ile "kwa hiyo", kwa sababu inaonyesha bei ingepanda hata bila geti.

Sasa hamisha ujuzi huo mahakamani. Shahidi anasema: "Nilimwona mshtakiwa akitoka kwenye njia ya shamba jioni, na asubuhi ng'ombe hakuwepo, kwa hiyo yeye ndiye mwizi." Ni ufa ule ule. Mahakama zetu zinataka ushahidi wa mazingira uelekee kwa mshtakiwa bila kuacha maelezo mengine ya kuridhisha. Nani mwingine alipita njia ile? Zizi lilikuwa na mlango? Mtu aliyezoea kuuliza "kwa hiyo imetoka wapi?" haitaji kukariri kanuni ile kwa kichwa. Anaiona.

Fanya maswali matano ya namna hii kila asubuhi kabla ya chai. Ukikosa mfano, chukua tahariri ya gazeti lolote, pigia mstari kila "kwa hiyo", na andika pembeni kinachokosekana. Gazeti la juzi lililofungia vitumbua linafaa kabisa.

Zoezi la pili: kuhesabu siku

Hapa naomba mtulie, kwa sababu jambo hili lina maumivu yake. Baba yangu mdogo alishindwa kesi ya shamba kwenye baraza la ardhi. Ushahidi alikuwa nao: majirani wa mipaka yote minne na karatasi ya mauziano ya mwaka 1994. Hukumu ilisomwa Aprili. Nauli na hela ya kuandikiwa rufaa hakuwa nayo, akasubiri avune na kuuza mahindi. Alipofika na karatasi zake ilikuwa Julai. Rufaa ikatupwa kwa kuwa nje ya muda. Lile shamba lenyewe halikujadiliwa hata kwa dakika moja. Jirani wa baraza alikuwa na hadithi kama hiyo, na mwingine tena. Ndiyo maana nasema mwenendo wa madai si somo la kupita tu. Kwetu ni ekari tatu.

Basi fanya swali hili kwa kalamu. Hukumu ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ilisomwa tarehe 3 Machi. Mrufani aliandika barua ya kuomba nakala ya hukumu na tuzo tarehe 6 Machi. Akapewa tarehe 20 Aprili. Rufaa aliisajili Mahakama Kuu tarehe 2 Mei. Muda wa rufaa ni siku 45. Je, yuko ndani ya muda?

Mwenye haraka atahesabu kuanzia 4 Machi, atafika siku ya 45 tarehe 17 Aprili, ataandika "amechelewa siku 15" na kufunga daftari. Amekosa. Sheria ya Ukomo inaondoa kwenye hesabu siku ya hukumu yenyewe, na pia muda uliohitajika kupata nakala. Zinazobaki ni tarehe 4 na 5 Machi, siku mbili, kisha 21 Aprili hadi 2 Mei, siku 12. Jumla siku 14. Yuko ndani, tena angekuwa na nafasi mpaka 2 Juni.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: futa ile barua ya 6 Machi. Hakuna ushahidi kwamba aliomba nakala. Ghafla mambo yanageuka, na inabidi aombe kuongezewa muda. Hapo unaingia uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika Lyamuya Construction dhidi ya Wadhamini wa YWCA, ombi namba 2 la mwaka 2010, ambao kila mwanasheria wa Tanzania anakutana nao. Mwombaji aeleze kipindi chote cha kuchelewa. Ucheleweshaji usiwe wa kupita kiasi. Aonyeshe alikuwa makini, si mzembe. Na kama kuna sababu nyingine nzito, mfano hukumu yenyewe ina kasoro ya kisheria iliyo dhahiri, aiseme.

Mmeona? Barua moja ya mistari mitatu, iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, inaweza kuwa tofauti ya shamba na kukosa shamba. Jifunze kulijibu swali hilo katika hatua nne: hoja inayobishaniwa ni ipi, sheria inasemaje, sheria hiyo inagusaje mambo haya, na hitimisho ni nini. Waliosapu niliozungumza nao wengi walisema kitu kimoja: waliandika sheria kurasa mbili, na mambo ya kesi mistari miwili. Geuza uwiano huo.

Zoezi la tatu: kusoma hukumu mpaka mwisho

Hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure TanzLII, pamoja na zile za Mahakama Kuu ya hapa Sumbawanga. Pakua kumi ukiwa kwenye intaneti ya chuo kabla ya likizo, uzisome nyumbani bila bando. Utakuta mipaka ya mashamba, mirathi, na kesi za mauaji zenye imani za kishirikina ndani yake. Ni maisha ya watu wetu yakiwa yameandikwa kwa lugha ya mahakama.

Lakini soma mpaka mwisho. Mfano ni Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Kila mwanafunzi anaitaja: kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ni sahihi, na ni kanuni kubwa. Uliza darasani Bi Hawa alipata nini, wengi watakwambia alishinda. Hakushinda. Mahakama iliona kwamba mume alikuwa amempa fedha naye akazitumia vibaya, kwa hiyo kwa mambo ya kesi yake hakuongezewa kitu. Kanuni ilikwenda upande wake, matokeo hayakwenda. Anayesoma madesa anajua nusu ya kwanza. Mtahini anauliza nusu ya pili.

Kwa kila hukumu chora safu nne kwenye daftari: nini kilitokea, nini kiliulizwa, mahakama ilisema nini na kwa sababu gani, na nani aliondoka na nini. Ukurasa mmoja, usizidi. Na angalia toleo la sheria unalotumia. Toleo la mwaka 2023 la sheria zetu lilianza kutumika Julai 2025, na baadhi ya namba za vifungu zimesogea. Ndiyo sababu makala haya hayakutaja namba za vifungu: nenda kazifungue mwenyewe.

Mahakama ni darasa la bure

Sumbawanga si Dar, sawa, lakini ina kitu ambacho mwanafunzi wa Dar anakipata kwa foleni. Kuna Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, zote ndani ya mji unaoweza kuuzunguka kwa bodaboda asubuhi moja. Kesi nyingi zinasikilizwa hadharani. Vaa vizuri, zima simu, msalimie karani kwa adabu, kaa nyuma. Juni na Julai chukua na sweta, baridi ya Ufipa haina mzaha.

Usiende kushangaa majoho. Nenda na swali moja kila siku. Leo: kielelezo kinapokelewaje? Kesho: wakili anapinga swali kwa maneno gani? Siku nyingine kaa upande wa wasio na wakili, uone mzee anavyoulizwa "una swali lolote kwa shahidi?" naye anaanza kutoa maelezo yake badala ya kuuliza. Hakimu anamrudisha, anaanza tena. Baada ya asubuhi tatu za hivyo utaelewa kwa nini kuna somo la kuhoji mashahidi, na kwa nini mkoa huu unahitaji watu waliolisoma.

Lugha mbili, daftari moja

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Hata hivyo sehemu kubwa ya vitabu, hukumu na pepa zetu bado ni Kiingereza. Kwa sisi tuliosoma shule za kata, Kiingereza ndicho kinachotuangusha kimya kimya: sheria unaijua, sentensi inakataa. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni daftari la kurasa mbili. Upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili la Kiswahili, na chini yake sentensi kamili uliyoitunga. Mdai na mdaiwa, mrufani na mrufaniwa, hukumu na tuzo, hati ya madai na hati ya kiapo. Maneno matano kwa siku. Kisha mweleze mtu wa nyumbani, kwa Kiswahili cha kawaida, tofauti ya hukumu na tuzo. Shangazi yangu akisema "hapo sijakuelewa, baba," najua na mimi sijaelewa.

Andika kwa mkono, tena kwa saa. Tumezoea kuchapa kwenye simu, kidole gumba kina nguvu na kiganja hakina. Pepa ya saa tatu inataka kiganja.

Makaratasi na hela

Msuli wote huu hauna maana ukikwamia kwenye fomu. Kwa mdogo wako anayeomba LLB: asiangalie Dar peke yake. Mzumbe ina ndaki Mbeya, Ruaha Catholic iko Iringa, na Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa hapa Sumbawanga kwa anayefanya kazi au mwenye familia. Aliyekosa alama za kwenda moja kwa moja anaweza kuanza na astashahada au stashahada ya sheria Lushoto, kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, akapanda kutokea pale.

Kwa wewe unayeelekea Law School, fungua bahasha moja leo: vyeti vya kidato cha nne na cha sita, transkripti na cheti cha digrii, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA. Linganisha majina herufi kwa herufi. Kama NIDA wameandika jina la babu na cheti kina la ukoo, shughulikia sasa kwa hati ya kisheria ya jina, si wiki ya mwisho. HESLB wamekuwa wakitoa mwongozo wa mikopo kwa wanafunzi wa Law School pia, na cheti cha kuzaliwa wanataka kiwe kimehakikiwa na RITA. Soma mwongozo wa mwaka husika wenyewe, si picha ya skrini ya mwaka jana iliyosambazwa kwenye grupu. Na piga hesabu ya Dar pamoja na wazazi mapema, kwa magunia, wakati mahindi bado yako ghalani.

Ratiba ya wiki kumi

Wiki 1 hadi 3: maswali matano ya hoja kila asubuhi, hukumu mbili kwa wiki, daftari la maneno. Wiki 4 hadi 6: mwenendo wa madai na wa jinai, maswali ya kuhesabu muda, na mahakamani siku mbili kwa wiki. Wiki 7 na 8: kuandika nyaraka. Hati ya madai moja, majibu yake, hati ya kiapo moja, na barua ya kuomba nakala ya hukumu. Wiki 9: pepa mbili kamili kwa saa, kwa mkono, mwenzako asahihishe bila huruma. Wiki 10: rudia ulipokosa tu. Kundi liwe la watu watatu au wanne. Wakizidi hapo linageuka kijiwe.

Nawaachia swali la kuanzia, mlete majibu kwenye ofisi ya jarida au tujadili Jumamosi kwenye kikundi cha sheria. Mrufani alipata hukumu tarehe 10 Mei. Aliomba nakala kwa mdomo, hakuandika. Nakala ikawa tayari 30 Mei, lakini akaichukua 25 Juni kwa sababu alikuwa shambani anavuna. Rufaa ameisajili 10 Julai. Muda ni siku 45. Mko upande wake. Mnasimama na kusema nini?